Bango la Nashipai

Jumatatu, 10 Februari

Vumbi tena. Vishikwambi vimekataa kuwaka asubuhi kwa sababu mtu alisahau kuvichomeka kwenye sola tangu Ijumaa. Mtu huyo ni Mwalimu Mkuu, kwa hiyo hakuna aliyelaumiwa. Nimefundisha hesabu za sehemu kwa chaki mpaka mapumziko. Baadaye vikawaka, darasa la tano likapiga makofi kama limeona mvua.

Humu naweza kusema ukweli: vinasaidia. Sikutaka visaidie. Kampuni ilipovileta mwaka jana, na maboksi yao na fulana zao, nilinuna mwezi mzima. Lakini watoto wa bweni, hawa wanaotoka Ngorongoro ndani, wanaanza shule wakijua Kimaasai peke yake. Wanagusa neno, linasemwa. Wanagusa tena, linasemwa tena. Hakuna anayewacheka. Mimi mwenyewe nikirudia neno mara nyingi naanza kukaripia. Kifaa hakikaripii.

Nashipai, mmoja wa hawa wa bweni, amemaliza hadithi zote zilizomo. Ameomba nyingine. Sina. Nimempa gazeti la zamani la kanisani, akaondoka nalo kama amepewa maandazi.

Bi. Doreen amepiga simu kutoka Dar. Yeye ndiye meneja wa mradi wa vishikwambi kule Kampuni. Wanakuja Jumatano kupiga picha. Tumwandalie mtoto mwenye stori. Nikauliza stori gani. Yoyote, Madam, ila iguse.

Jumatano, 12 Februari

Nina hasira mpaka mwandiko wangu siutambui.

Wamekuja na magari mawili. Doreen, kijana wa kamera, wengine wa kubeba vitu. Wamepita kati ya madawati wakiangalia nyuso kama watu wanaochagua mbuzi mnadani. Wakamchagua Nashipai.

Kitu cha kwanza, avue sare. Sare yake ni safi kuliko zote bwenini. Mama yake hakosi kumtumia sabuni. Doreen alikuja na mfuko wa shuka na shanga kutoka kwenye maduka ya watalii. Nashipai akazishika zile shanga, akazirudisha taratibu.

"Madam, hizi anavaa mwanamke aliyeolewa."

Doreen akacheka. Zinang'aa vizuri kwenye kamera, akasema. Wakamvalisha.

Wakampeleka nyuma ya nyumba za walimu, penye boma la miiba, mahali pasipoonekana ukuta wala bati. Wakampa kishikwambi. Wakamwambia akishike kama hajawahi kukiona.

"Nisijue?" akauliza.

"Usijue kabisa. Ushangae."

Nashipai! Ambaye kifaa cha mwenzake kikiganda, ndiye anayeitwa kabla yangu.

Nimemfuata Mwalimu Mkuu, Mwalimu Baha. Nimemwambia mtoto anavuliwa sare kwenye eneo la shule saa za masomo. Hakuinua macho. "Madam Emiliana, waache wapige picha zao waondoke." Nimerudi darasani. Nimefuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

Jumanne, 18 Februari

Leo Nashipai amebaki nyuma baada ya kengele. Alikuwa na jambo. Yule kijana wa kamera alimuuliza kama baba yake alimkataza shule. Akamjibu hapana, baba ndiye aliyemleta. Walitembea kutoka kwao Kakesio mpaka Endulen, wakalala kwa shangazi, wakapata lori. Baba alimbebea tranka njia nzima. Kijana akamwambia asante, akazima kamera.

"Nilijibu vibaya?"

Hapana, nimemwambia. Ulijibu vizuri sana.

Baba yake namfahamu. Lemayani. Kila shule inapofunguliwa anamleta mwenyewe, anasimama getini na fimbo yake, haingii. Ananisalimia kwa kirefu, ananiuliza habari za nyumbani kwetu, za mvua, za mahindi ya baba yangu kule Baray, kana kwamba anamfahamu. Halafu anasema: mtoto huyo hapo, Mwalimu. Basi. Anageuka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Matope mekundu mpaka kwenye vifundo.

Baada ya vipindi nimeshuka mjini Karatu kununua sabuni na mafuta. Pale kwenye matuta, magari ya watalii yanapopunguza mwendo kabla ya kupanda kwenda kreta ya Ngorongoro, kuna bango jipya. Kubwa kama nyumba. Nimemtambua kabla sijasoma kitu. Zile shanga. Yale macho. Mdomo wazi kidogo, ameshangaa kama alivyoambiwa.

Maneno yake ni haya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza:

NASHIPAI. BABA YAKE ALIFARIKI. WALITAKA KUMUOZA KWA NG'OMBE. HAKUWAHI KUSHIKA KITABU. LEO DUNIA IKO MIKONONI MWAKE.

Chini yake nembo ya Kampuni.

Nimesimama kwenye mvua kama mwehu. Gari la watalii likapunguza mwendo, mzungu akatoa simu dirishani, akampiga picha. Akanipiga na mimi nadhani.

Nimempigia Doreen pale pale. Nimemwambia baba wa huyu mtoto yuko hai. Nimemwambia alikuwa getini kwangu Januari. Akakohoa. Nilidhani anaona aibu. Alikuwa anatafuta maneno.

"Madam, naelewa. Lakini pale Nashipai si Nashipai tu. Anawawakilisha mabinti wote wenye hali ngumu."

"Basi mngeandika mabinti wote. Mmeandika jina lake."

"Nikuambie ukweli? Mtoto mwenye baba, mwenye ng'ombe, mwenye sare, hagusi watu. Hakuna mfadhili atakayesimama kwa mtoto kama huyo."

Nimekata simu. Sabuni nimesahau kununua.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa anakamua. Bango ameliona tangu Alhamisi! Alikuwa anangoja mimi nilione mwenyewe.

Anasema tarehe ishirini na nane Kampuni inazindua awamu ya pili. Chumba cha kompyuta. Mabati mapya ya bweni. Mkurugenzi wao anakuja mwenyewe. Niache hiyo siku ipite, halafu tutaongea nao kistaarabu.

"Usitutilie mchanga kwenye kitumbua, Madam. Bweni linavuja. Wewe unajua linavyovuja."

Najua. Hiyo ndiyo sumu yake. Anasema kweli na bado anakosea.

Nikamuuliza, wewe Mwalimu Baha, wangekuandika umekufa pale barabarani, ungengoja tarehe ishirini na nane? Akaendelea kukamua. Ng'ombe ndiye aliyegeuka kuniangalia.

Jumatatu, 17 Machi

Dawati la Nashipai tupu.

Matroni, Mama Theresia, amenieleza. Jumamosi mchana, baada ya mimi kuondoka kwa Mwalimu Mkuu, Lemayani alikuja. Alikuwa ameleta ng'ombe mnadani. Aliomba ruhusa ampeleke mtoto mjini kumnunulia viatu. Wakaenda wamefurahi. Wakarudi bila viatu. Akamwambia mtoto afunge tranka. Hakugomba, hakupaza sauti. Alimuuliza Mama Theresia swali moja tu.

"Hapa ni shule ya yatima?"

Mama Theresia akamwambia hapana, Mzee, ni shule ya serikali. Akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka.

Nimeingia chooni nikalia. Halafu nikatoka nikafundisha desimali.

Jumatano, 19 Machi

Baba wengine wawili wa Ngorongoro wamepiga simu ya matroni. Wanauliza kama na wao wamekufa. Mmoja anataka mtoto wake arudishwe kabla naye hajawekwa barabarani.

Mchana Doreen kapiga. Sauti tamu. Nashipai aandaliwe, kuna hotuba fupi ya uzinduzi, ameshaiandika yeye mwenyewe, mtoto aikariri tu.

"Nashipai hayupo," nikamwambia.

"Ameenda wapi?"

"Kumzika baba yake."

Akaanza kusema pole! Nimekata. Nimecheka peke yangu ofisini, kicheko kibaya. Sikujijua kama ninacho.

Jumapili, 23 Machi

Nimerudi kutoka Kakesio. Mgongo umekwisha. Nitaandika kadiri niwezavyo.

Jana alfajiri nilipata lori la mahindi. Ukungu juu ya kreta, huoni hata pua ya gari. Endulen nikapata pikipiki. Mwalimu Mkuu sikumuaga. Sikumwambia mtu.

Bomani kwao watoto walikuja kuinamisha vichwa, ndiyo salamu yao kwa mkubwa, nikawagusa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Nashipai. Amevaa sketi ya shule na shuka juu yake. Hakuniangalia machoni. Nilipomgusa kichwa alikaa pale kitambo zaidi kuliko wenzake.

Lemayani akanikaribisha. Mkewe akaleta maziwa. Wakaniacha ninywe kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Afadhali angepiga kelele.

Alianza kwa kusema alifurahi. Alipoliona lile bango, alifurahi. Uso wa mtoto wake, mkubwa vile, barabarani! Aliwaita watu waliokuwa kwenye vibanda. "Nikawaambia, huyu ni wangu. Nimemzaa mimi." Yeye hajui kusoma. Akamwambia Nashipai amsomee, kwa sauti, ili wote wale wasikie mtoto wake anasoma.

Nashipai akasoma jina lake. Akaanza sentensi ya pili, akanyamaza. Baba akadhani neno ni gumu. Akamtia moyo. Soma, mama, soma tu.

"Akasoma yote, Mwalimu. Kwa sababu mimi nimemwambia asome."

Vijana wa vibanda wakacheka. Dereva mmoja akamuuliza yeye ni mzimu wa wapi.

Hapo akachezea fimbo. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba njia yote ya kurudi.

"Kwetu mtu akifa jina lake hatulitaji. Limekwisha. Sasa huyu mtoto ataniita nani?"

Mimi ni Mwiraki, kabila la huku Karatu, nimekulia karibu yao maisha yangu yote, na sikuwa nimefikiria hilo. Niliona ni uongo tu. Kwao ni zaidi ya uongo.

Ndipo Mama Nashipai akaingilia. Kiswahili chake ni kidogo, lakini kilitosha. Mtoto alikuwa amemweleza habari za shanga.

"Wanasema sisi tumeoza mtoto. Shanga nani amevalisha? Sisi?"

Nimewaomba radhi. Radhi ya shule, radhi ya mwalimu mkuu, radhi ya mtu yeyote niliyemkumbuka. Nimewaambia Nashipai ndiye msomaji bora niliyewahi kufundisha na nitampa kiti chake hata kesho. Lemayani alisikiliza yote. Kisha akaniuliza hao watu wanarudi lini.

Nikamwambia. Ijumaa hii, asubuhi.

Akasema maziwa yangu yaliyobaki yanapoa.

Jumatano, 26 Machi

Nilidhani nimeshafika mwisho wa hasira. Bado.

Doreen amefika leo na maturubai, viti vya plastiki, spika, na vitambaa vya rangi ya Kampuni vya kufunika hata mti wa bendera. Nashipai hayupo, basi wametafuta mwingine. Wamemchukua Neema. Neema wa darasa langu. Mtoto wa Karatu hapa hapa, Mwiraki, baba yake ana shamba la vitunguu. Watamvalisha shuka na zile shanga, asimame mbele ya mkurugenzi, aseme yeye ni Nashipai.

Nimekataa. Nimesema mbele ya walimu wote kwamba mtoto hatoki darasani kwangu kwenda kudanganya. Mwalimu Mkuu akasema basi atatolewa na mwalimu mwingine. Na akatolewa. Walimu wenzangu walikuwa wanaangalia vikombe vyao vya chai.

Jioni Neema amenifuata kibarazani analia. Haogopi uongo. Anaogopa kitu kingine.

"Madam, na akinisalimia mtu kwa Kimaasai, nitamjibuje?"

Nimemwambia aende nyumbani amweleze baba yake, na kwamba Ijumaa akiumwa tumbo mimi nitaamini.

Ijumaa, 28 Machi

Imetokea. Nataka kuiandika kabla watu hawajaanza kuibadilisha.

Mvua ilikatika asubuhi. Mkurugenzi alifika, mtu mrefu, mpole, ana suti na viatu visivyofaa matope. Kuna viongozi, kuna wazazi, kuna kamera. Wimbo wa Kampuni. Watoto wameinua vishikwambi juu kama walivyofundishwa. Neema hakuja, anaumwa tumbo. Nilimwona Doreen anazunguka na mfuko wa shanga akitafuta mtoto mwingine, uso umemkauka.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa watu watamsikia Nashipai. Hakuna mtu aliyetoka. Akarudia. Makofi.

Ndipo wakaingia kutoka getini. Lemayani mbele. Mkewe. Wanaume wa rika lake, wana fimbo zao, wametulia. Na Nashipai katikati, sare imepigwa pasi, soksi nyeupe. Sijui walisafiri vipi na matope haya na soksi zikabaki nyeupe.

Mshereheshaji akadhani ndiyo ratiba. "Na huyu hapa!" akapiga kelele, akampa Nashipai maiki. Nashipai akampa baba yake.

Lemayani hakuzoea maiki. Aliishika mbali, kama kitu cha moto. Lakini sauti yake haikuhitaji.

"Habari zenu wote. Mimi ni baba ya huyu. Mimi ndiye yule aliyekufa."

Watu walicheka. Kweli, walicheka, walidhani ni mchezo wa kuigiza. Hakucheka. Kicheko kikaisha chenyewe, safu kwa safu, mpaka nyuma.

Akamgeukia mkurugenzi. Kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mgeni bomani kwake.

"Mzee, wewe ni mgeni, karibu. Nimekuja kwa neno moja. Wewe umeandika mimi nimekufa. Nimetafuta kwetu Kakesio, hakuna aliyenizika. Nimekuja unionyeshe kaburi langu."

Spika zilikuwa zinakoroma tu.

Mkurugenzi akamwinamia Doreen. Doreen akamnong'oneza. Uso wake ulibadilika, na nitamtendea haki: nadhani alikuwa hajui. Lakini hakuuliza pia. Mtu anaweka uso wa mtoto barabarani, mkubwa kama nyumba, na hakuuliza kama mtoto ana baba.

Alisimama akasema kuna kutoelewana kulikotokea. Kutoelewana! Lemayani akamsubiri amalize. Akasema:

"Sisi tumeelewana. Wewe umesema nimekufa. Mimi nasema niko. Sasa uwaambie hawa watu nani mkweli."

Na kamera zao zenyewe zinarekodi.

Mkurugenzi akasema polepole, "Huyu mzee yuko hai. Tulikosea."

"Na huyu mtoto hajaolewa."

"Hajaolewa."

"Na kusoma anajua."

Hapo mkurugenzi akamtazama Doreen, hajui. Nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema kwa sauti ya darasani, anajua, mimi ndiye mwalimu wake, alikuwa anajua kabla hamjaja.

Lemayani akarudisha maiki kwa mkono wa kulia, akashukuru. Wakaondoka kama walivyokuja. Nashipai pia. Alipopita karibu yangu alitazama chini, lakini nilimwona anabana midomo asicheke.

Pilau ikaliwa kimya kimya.

Jumamosi, 29 Machi

Sijatoka nje. Nimefua. Furaha ya jana imeisha kabla ya jua kutoka. Simu imejaa ujumbe. Wengine wananisifu, wengine wananiita mchawi wa maendeleo. Mwalimu Mkuu hajaandika kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamevichukua.

Walikuja vijana wawili na gari, si Doreen. Vishikwambi vinakwenda kufanyiwa ukaguzi. Sola pia. Hata waya za ukutani wamezing'oa, zimeacha matundu kwenye plasta. Awamu ya pili imeahirishwa. Nimesikia imehamishiwa wilaya nyingine, ambako nadhani baba wamekufa kwa utulivu zaidi.

Agnes wa dawati la mbele haoni vizuri. Kwenye kishikwambi alikuwa anakuza herufi mpaka ziwe kubwa kama vidole, anasoma peke yake. Amemkabidhi kijana kile chake baada ya kukifuta vumbi na sketi. Yule kijana angalau aliona haya.

Nimeitwa ofisini kujieleza. Kwa nini nilikwenda Kakesio bila ruhusa. Kwa nini nilisimama. Nimejieleza kwa kifupi. Mwalimu Baha ananisikiliza na juu ya kichwa chake dari ina doa jipya la maji. Hakusema neno kuhusu bweni. Hakuhitaji.

Sokoni mama mmoja wa mtoto wa darasa la tatu amenisimamisha penye nyanya, mbele ya watu. Mwanangu alikuwa ameanza kuhesabu, akasema. Wewe umekula nini kwenye jambo hili? Ningemjibu nini? Kwamba mtoto wake alistahili kile kifaa na Lemayani alistahili kuwa hai, na kwamba ni watu wa Kampuni walioviweka kwenye mizani moja, si mimi? Nimenunua nyanya. Nimemwambia pole.

Nina hasira na Doreen. Nina hasira na mkurugenzi na viatu vyake. Nina hasira na Mwalimu Baha, na walimu wanaonyamaza ninapoingia, na yule mama, ambaye hana kosa. Kile walichochukua kilikuwa kizuri. Wangeweza kukiacha. Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya Agnes.

Bango limetolewa. Wameweka tangazo la hoteli, bwawa la kuogelea na twiga.

Jumanne, 22 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua tangu jana, ya taratibu.

Niliwahi mapema kuandika ubao. Naandika herufi kubwa siku hizi, ubao unajaa haraka, nafuta, naandika tena. Agnes amesogeza dawati lake mpaka linagusa ukuta.

Nikasikia naitwa getini.

Lemayani, shuka imelowa, tranka begani. Nashipai pembeni yake. Nyuma ya shuka ya baba kulikuwa na mtoto mwingine, mdogo, miaka sita au saba, sare mpya inayomzidi, kichwa kimenyolewa.

Tulisalimiana kwa kirefu. Habari za mvua. Habari za mahindi ya Baray. Sikuuliza kitu, nilikuwa naogopa kuuliza.

Safari hii aliingia. Aliomba kuonyeshwa mahali wanapolala. Mama Theresia akampeleka. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akaangalia juu kwenye bati, akaona panapovuja, akausogeza mwenyewe mguu wa kitanda mbali na pale. Akasema sawa.

Nje akanisukumia yule mdogo mbele, taratibu, kwa mkono mgongoni.

"Huyu anaitwa Naramati. Kiswahili hana."

Basi. Akageuka, akaondoka na mvua yake.

Naramati anapaswa kuwa darasa la awali, lakini alimkamata dada yake sketi na hakukubali kuachia. Nimemwacha akae darasa la tano kwa leo. Mwalimu Baha alipita dirishani, akamwona, akaendelea kutembea.

Nilipofika kwenye dawati lao aliinamisha kichwa. Nikamgusa. Nywele zinaanza kuota, zinachoma kiganja. Nikampa kipande cha chaki, Nashipai akamshika mkono, na tukaanza na jina lake.